Jumapili za Bwana Cole

Chukua mbili 67, uzizidishe zote pamoja, kisha utoe 1. Utapata 147,573,952,589,676,412,927. Mwaka 1644 Marin Mersenne, mtawa wa Ufaransa, aliitaja namba hii kuwa ni tasa, yaani haigawanyiki ila kwa 1 na kwa yenyewe. Ilipita miaka 232 ndipo Édouard Lucas alipothibitisha kuwa si tasa. Lakini vigawo vyake hakuvijua.

Oktoba 1903, mjini New York, Frank Nelson Cole alisimama mbele ya wanahisabati wenzake. Inasimuliwa kuwa hakutamka neno. Aliandika ubaoni 193,707,721 mara 761,838,257,287, akazidisha kwa mkono, jibu likawa lile lile, akaketi. Wakampigia makofi. Baadaye, husemwa, alieleza kuwa kazi hiyo ilimla Jumapili za miaka mitatu.

Usiku mmoja nami niliketi na kalamu nikazidisha. Mara mbili nilikosea. Ya tatu hesabu ikakubali. Nikaona haya, nikikumbuka mangapi nimeyapokea maishani bila kuyapima, kwa kuwa tu aliyeyasema alikuwa mkubwa.