Damu Haimsubiri Daktari

Nimewahi kushika paja la mtu nisiyemjua mara moja tu maishani. Ilikuwa Jogoo Road, saa kumi na mbili jioni, zile saa makanga wanapigania abiria na kila mtu anataka kufika nyumbani. Pickup iligonga nduthi, jamaa akarushwa hadi kando ya mtaro. Suruali yake ilikuwa imepasuka juu ya goti na damu ilitoka kwa mapigo: inaruka, inatulia, inaruka tena. Tulikuwa kama watu thelathini pale. Nusu yetu tulikuwa tumeinua simu.

Mama aliyekuwa akichoma mahindi aliacha jiko lake, akafungua leso kiunoni, akaikunja na kuisukuma ndani ya jeraha lenyewe. Kisha akanitazama mimi. "Wewe kijana, kuja finya hapa. Finya kabisa, usiachilie!" Nikafinya kwa uzito wangu wote. Mtu akasimamisha Probox, wakampakia. Hadi leo sijui kama alipona.

Kilichonikosesha usingizi si ile damu iliyobaki kwenye viatu. Ni kwamba nilikuwa nimekaa darasani miaka kumi na sita na sikujua jambo ambalo mama yule alilijua. Nikaanza kusoma kuhusu damu, na kusoma huko kukanipeleka jeshini, kwa sababu hakuna taasisi iliyofikiria sana kuhusu watu wanaovuja damu mbali na hospitali kama jeshi. Nilichokuta huko ni historia ya kifurushi kidogo cha kitambaa, na mabishano marefu kuhusu mahali kinapofaa kukaa: kwenye sanduku la daktari, au kwenye mfuko wa askari mwenyewe.

Kwa muda mrefu jibu lilikuwa sanduku la daktari. Daktari alikaa nyuma, majeruhi walilala mbele, na katikati yao kulikuwa na saa nyingi, wakati mwingine siku. Mwaka 1859, baada ya mapigano ya Solferino kaskazini mwa Italia, Henry Dunant alikuta maelfu ya watu wakifa kwa majeraha ambayo hakuna aliyekuwa ameyagusa. Mshtuko wake ndio uliozaa Msalaba Mwekundu.

Miaka kumi baadaye, mpasuaji wa Kiel, Ujerumani, aitwaye Friedrich von Esmarch alichapisha kitabu kidogo kuhusu bandeji ya kwanza katika uwanja wa vita. Hoja yake ilikuwa rahisi: bandeji ya kwanza ndiyo inayoamua mengi, na anayeweza kuifunga mapema si daktari, ni askari aliye karibu. Basi kila askari awe nayo mwilini. Esmarch ndiye aliyeeneza bandeji ya pembetatu, na juu ya kitambaa chenyewe alichapisha picha za watu waliofungwa: kichwa hivi, mkono hivi, goti hivi. Hata asiyejua kusoma angeweza kuiga. Yaani maelekezo yalikuwa juu ya dawa yenyewe. Mwaka 1882 alianzisha shule pale Kiel ya kufundisha raia wa kawaida huduma ya kwanza, na baadhi ya madaktari walinung'unika kwamba anawapa watu wasiosomea udaktari kazi ya madaktari.

Kufikia Vita vya Kwanza vya Dunia wazo lake lilikuwa limeshinda. Koti la askari wa Uingereza lilishonwa mfuko wa ndani, chini upande wa kulia, kwa ajili ya kifurushi kimoja tu. Ndani yake kulikuwa na bandeji mbili zilizofungwa zisiingie maji, kila moja na pini yake. Kwa nini mbili? Kwa sababu risasi huingia upande mmoja na mara nyingi hutokea upande wa pili. Ukifikiria jambo hilo kwa utulivu, unaona kwamba aliyebuni kifurushi alikuwa ameshaupiga hesabu mwili wako kabla hujafika vitani.

Vita hivyo vilifika kwetu pia, na hapa hadithi ya mfuko inapata doa. Mfuko ulikuwa kwenye koti la askari, na wengi wa Waafrika waliopelekwa kwenye vita vya Afrika Mashariki hawakuwa askari. Walikuwa wapagazi, wale wa Carrier Corps waliotuachia majina ya Kariokor hapa Nairobi na Kariakoo kule Dar es Salaam. Walibeba risasi, unga na machela. Koti lenye mfuko wa bandeji hawakupewa. Tuseme ukweli, bandeji isingewafaa wengi wao, kwani waliuawa zaidi na kuhara damu, malaria, nimonia na njaa. Vifo vyao vilivyoandikwa ni zaidi ya 40,000, na wanahistoria wengi wanaamini idadi halisi ni mara mbili ya hiyo au zaidi. Lakini mfuko ule unakuonyesha nani alihesabiwa kuwa mtu wa kuokolewa. Upande wa Wajerumani, meli za Uingereza zilipofunga bahari na vifaa kuisha, jeshi la Lettow-Vorbeck lilifikia kutengeneza bandeji kwa magome ya miti.

Katika Vita vya Pili, vijana wa King's African Rifles walipokuwa wakipambana kwenye matope ya bonde la Kabaw, Burma, mwaka 1944, kifurushi cha askari kilikuwa kimeenea karibu kila jeshi kubwa. Wamarekani waliongeza poda ya salfa ya kunyunyizia jeraha. Ilionekana kama muujiza, kisha uzoefu ukaonyesha kwamba kuinyunyiza ndani ya jeraha hakusaidii kitu, ikaachwa. Historia ya pochi hii imejaa vitu vya namna hiyo: vinaingia kwa shangwe, vinatoka kimya kimya.

Kuna kimoja kilichotoka kwa aibu kisha kikarudi. Wanajeshi hukiita tuniketi: mkanda unaofungwa juu ya jeraha la mkono au mguu na kukazwa kwa kijiti au skrubu mpaka damu ikatike kabisa. Si kitu kipya. Jean-Louis Petit, mpasuaji wa Paris, alionyesha tuniketi yake ya skrubu mwaka 1718. Lakini majeruhi wa zamani walikaa na mkanda huo saa nyingi mno kabla ya kumfikia daktari, na viungo vikaoza. Lawama ikauangukia mkanda badala ya safari ndefu. Kizazi baada ya kizazi kikafundishwa kwamba tuniketi ni jambo la mwisho kabisa, kwamba ukiifunga umeshaukata mguu. Matokeo yake yakaonekana Vietnam, ambako inakadiriwa Wamarekani zaidi ya 2,500 walikufa kwa kuvuja damu mikononi na miguuni, mahali ambapo mkanda ungefika.

Somo lilikamilika karibu na kwetu. Tarehe 3 na 4 Oktoba 1993, Wamarekani 18 waliuawa Mogadishu katika vita vya mitaani. Mmoja wao, koplo kijana, alipigwa risasi juu kabisa ya paja, karibu na kinena, mahali ambapo mkanda hauwezi kukaza. Mtabibu wa kikosi alipambana kuushika mshipa kwa vidole kwa muda mrefu. Magari hayakuweza kuwafikia usiku ule, na kijana akafa.

Mwaka 1996 madaktari wa jeshi la Marekani walichapisha mwongozo mpya uliopindua mafunzo. Risasi zikiwa bado zinalia, ulisema, tiba ni moja tu: tuniketi kwa kiungo kinachomwaga damu. Mengine yasubiri mpaka mfike mahali penye kinga. Pale ambapo mkanda haufiki, kama kinena au kwapa, jeraha linajazwa shashi hadi ndani kisha linakandamizwa kwa nguvu. Baadaye shashi hiyo ikatiwa kaolini, aina ya udongo mweupe, ili damu igande upesi. Pochi ya askari wa leo ina hivyo viwili, pamoja na bandeji ya kukandamiza, kibandiko cha jeraha la kifua, glavu, na kalamu ya kuandika saa mkanda ulipofungwa.

Je, viungo vilioza kama tulivyotishwa? Utafiti uliofanywa katika hospitali ya kijeshi ya Baghdad na kuchapishwa mwaka 2009 ulifuatilia majeruhi 232 waliofungwa tuniketi. Hakuna hata mmoja aliyepoteza kiungo kwa sababu ya mkanda. Waliofungwa kabla mwili haujaanza kuzimika kwa kukosa damu, asilimia 90 walipona. Waliofungwa baada ya hapo, asilimia 10. Mkanda ni ule ule, mguu ni ule ule. Tofauti ni dakika.

Kuna kanuni moja ya pochi hii iliyonishangaza kuliko vifaa vyote. Ukimkuta mwenzako ameumia, unafungua pochi yake, si yako. Yako unaiacha mahali pake, kwa sababu huenda dakika tano zijazo ni wewe uliye chini. Ndiyo maana askari wengi huiweka mahali pamoja mwilini, ili mwenzake aipate hata gizani. Kwa hiyo kila mtu anabeba kifaa ambacho kwa kawaida kitatumiwa juu yake na mikono ya mtu mwingine. Pochi yako haina faida kama jirani yako hajafundishwa kuitumia.

Hapo ndipo nilipoirudia Jogoo Road. Sisi thelathini hatukuwa na pochi, sawa. Lakini tulikuwa na maskafu, mashati, leso, na mikono sitini. Tulichokosa ni yale maelekezo ambayo Esmarch aliyachapisha juu ya kitambaa. Niliyapata kwenye kozi ya huduma ya kwanza iliyokula Jumamosi zangu mbili. Mwalimu alitukatazia kufunga kamba ya kiatu na kuiita tuniketi, maana kamba nyembamba inakata ngozi na damu inaendelea. Akatufundisha kufinya mpaka mikono itetemeke, na kutochungulia kila dakika kama damu imekoma.

Juzi nilirudi pale na leso mpya. Mama alikuwa kwenye jiko lile lile. Nilimuuliza alijifunza wapi, akasema kwao kijijini ndugu yake alijikata na panga wakivuna miwa, na nyanyake akafanya vile vile mbele yake. Akaikunjua leso, akaipima urefu, akaridhika. Kisha akaniuliza, "Na yule kijana?"

Nikamwambia sijui. Akageuza mahindi. "Mimi huwa naangalia kila nduthi ikipita," akasema.