Kahawa, kipokezi na pumzi ya mtoto njiti

Ukipanda gari Boma Ng'ombe kwenda Sanya Juu, baridi inakupokea kabla hujashuka. Ukipandisha zaidi kuelekea mlimani unakutana na mibuni, mingine kwenye mashamba makubwa, mingine imejificha chini ya migomba vihambani. Watu wengi wa huku wanaijua kahawa kama ada ya shule na bati la nyumba. Wachache wanaijua kama dawa. Na sisemi ile ya kukesha wakati wa mitihani. Nasema dawa inayomsaidia mtoto njiti asisahau kuvuta pumzi.

Mbuni si mkongwe sana Kilimanjaro. Uliletwa na wamisionari Wakatoliki wa Kilema mwishoni mwa karne ya 19. Mwaka 1925 wakulima Wachaga wakaunda chama chao, KNPA, na mwaka 1933 ikazaliwa KNCU, ambayo mpaka leo ipo Moshi. Kule Bukoba Wahaya walikuwa wakitafuna buni tangu zamani, na walizitumia hata katika kuchanjiana. Kwa hiyo kwamba buni inachangamsha, hilo lilijulikana. Inachangamsha kwa njia gani? Hapo ndipo historia yetu inapoanza.

Mwaka 1819, huko Ujerumani, mkemia kijana Friedlieb Ferdinand Runge alimwonyesha mwandishi maarufu Goethe jinsi maji ya mmea wenye sumu, beladona, yanavyotanua mboni ya jicho la paka. Goethe akavutiwa, akampa punje za kahawa azichunguze. Runge akafanikiwa kutoa humo kitu cheupe, kichungu: kafeini. Mwaka 1895 Emil Fischer akaitengeneza maabara bila kuhitaji buni hata moja. Yaani binadamu alikuwa ameishika kafeini mkononi, anajua hata namna ya kuiunda, lakini hajui inagusa nini mwilini.

Kujua hilo kulihitaji wazo jipya. Mwaka 1905 John Langley wa Cambridge alikuwa akichunguza misuli ya kuku. Nikotini iliikaza hata baada ya mishipa ya fahamu kukatwa, na sumu iitwayo kurare ilizuia mkazo huo. Akasema lazima kwenye seli kuna kitu kinachopokea kemikali hizi. Paul Ehrlich, Mjerumani, alikuwa amefikia wazo la namna hiyo kwa njia yake. Leo kitu hicho tunakiita kipokezi. Ni protini, mara nyingi iko kwenye utando wa seli, na kazi yake ni kupokea ujumbe wa nje na kuupeleka ndani.

Sasa, kafeini inakaa kwenye kipokezi cha nani? Mwaka 1929, Cambridge tena, Drury na Szent-Györgyi waliona kwamba adenosini, kemikali iliyomo mwilini mwetu wenyewe, inapunguza mapigo ya moyo wa mnyama. Mwaka 1970 Sattin na Rall, Marekani, wakaiweka adenosini kwenye vipande vya ubongo wa simbilisi. Seli zikaitikia. Walipoongeza kemikali za ukoo wa kafeini, mwitikio ukazimwa. Hapo mambo yakaanza kueleweka.

Iko hivi. Seli za ubongo zinapofanya kazi zinatumia nishati, na kadiri tunavyokaa macho adenosini inaongezeka. Inakaa kwenye vipokezi vyake na kuziambia seli: punguza mwendo. Ndiyo sababu mojawapo ya usingizi. Kafeini imefanana na adenosini kiasi cha kuingia kwenye kipokezi kilekile, lakini haikiamshi. Ni kama ufunguo unaoingia kwenye kitasa ila hauzunguki, na ukiwa humo ufunguo halisi hauna pa kuingia. Mwaka 2005 watafiti walitumia panya wasio na aina moja ya vipokezi hivyo, iitwayo A2A. Walipopewa kafeini, haikuwakesheza. Kwa hiyo, wanafunzi wenzangu, kahawa haikuongezei nguvu. Inakuzibia tu masikio usisikie kwamba umechoka.

Turudi kwa mtoto njiti. Sehemu ya ubongo inayosimamia pumzi zake bado ni changa. Anapumua, kisha anaacha, wakati mwingine sekunde 20 au zaidi, na moyo unaanza kushuka. Adenosini inazidi kuituliza sehemu hiyo. Ukiziba vipokezi vyake, pumzi inaendelea. Mwaka 1973 madaktari Uingereza walieleza matumizi ya aminofilini, dawa ya ukoo huohuo, na mwaka 1977 Aranda na wenzake huko Kanada wakaeleza matumizi ya kafeini yenyewe. Mwaka 2006 yakatoka matokeo ya utafiti mkubwa ulioongozwa na Barbara Schmidt, wa watoto 2,006 waliozaliwa na gramu 500 hadi 1,250. Ugonjwa sugu wa mapafu ulikuwa asilimia 36 kwa waliopewa kafeini, na asilimia 47 kwa ambao hawakupewa. Mwaka uliofuata ikaonekana pia kwamba waliopata mtindio wa ubongo walikuwa wachache zaidi upande wa kafeini.

Tahadhari moja, tafadhali. Ini la mtoto mchanga halijaweza kuivunja kafeini. Kwa mtu mzima nusu ya kafeini inaondoka kwa saa kama 5. Kwa njiti inaweza kuchukua siku 4 hivi. Ndiyo maana dawa inapimwa kwa uzito wa mtoto, na hutolewa mara moja kwa siku. Kijiko cha kahawa nyumbani si dawa, ni hatari.

Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kafeini kwa njiti wanaosahau kupumua. Hata hivyo, katika hospitali nyingi za Afrika bado ni adimu, na aminofilini ndiyo inayotumika. Nayo inasaidia, lakini nafasi kati ya dozi inayoponya na dozi inayokimbiza moyo au kuleta degedege ni finyu, na muuguzi mwenye watoto wengi wodini anabaki na kazi ya ziada ya kuwachunga.

Malighafi si tatizo tangu mwaka 1895, na kipokezi tumeshakijua. Kilichobaki ni manunuzi, bei na usambazaji. Hayo hayahitaji darubini. Yanahitaji mtu wa kuuliza, kwenye bajeti ya hospitali ya wilaya yake, kama kafeini ya njiti imo kwenye orodha.