Vitamini D kwa wagonjwa wa uvimbe wa nyuroendokrini

Vitamini D kwa wagonjwa wa uvimbe wa nyuroendokrini ni mada ya tiba inayohusu sababu za wagonjwa hao kupungukiwa na vitamini hiyo, madhara ya upungufu huo katika mifupa na misuli, na namna ya kuupima na kuutibu. Tafiti nyingi juu yake zimefanyika Ulaya, ambako jua la majira ya baridi ni dhaifu. Katika mji kama Songea, makao makuu ya mkoa wa Ruvuma, kusini mwa Tanzania, jua lipo mwaka mzima, lakini jua pekee halitoshi kumhakikishia mgonjwa kwamba yuko salama.

Ugonjwa wenyewe

Uvimbe wa nyuroendokrini huanzia katika seli zinazopokea ishara za neva na kutoa homoni. Seli hizo zimetawanyika mwilini, ila uvimbe huonekana hasa katika utumbo mwembamba, kidole tumbo, rektamu, kongosho na mapafu. Mwaka 1907 Siegfried Oberndorfer, daktari wa mjini München, Ujerumani, aliuita karsinoidi, yaani unaofanana na kansa, kwa sababu hukua polepole. Baadaye ilidhihirika kwamba unaweza kusambaa, hasa kwenye ini.

Uvimbe wa utumbo mwembamba uliofika kwenye ini unaweza kumwaga serotonini nyingi katika damu. Mgonjwa huharisha, husikia joto la ghafla usoni na kifuani, hubanwa na pumzi, na baada ya muda vali za upande wa kulia wa moyo zinaweza kuharibika. Vitabu husema uso huwa mwekundu. Kwenye ngozi nyeusi wekundu huo ni mgumu kuonekana, kwa hiyo ni afadhali kumwuliza mgonjwa anachokihisi kuliko kumtazama tu.

Vitamini D hupatikanaje

Sehemu kubwa ya vitamini D hutengenezwa na ngozi inapopigwa na mionzi ya urujuanimno ya jua. Kiasi kidogo hutoka katika chakula: samaki wenye mafuta, maini, kiini cha yai, na uyoga uliokaushwa juani. Ini huigeuza kuwa umbo linalopimwa katika damu, kisha figo huigeuza tena kuwa homoni inayosaidia utumbo kufyonza kalsiamu.

Njia hizo mbili hutofautiana kwa jambo moja lenye uzito hapa. Vitamini ya chakula au ya kidonge huyeyuka katika mafuta, kwa hiyo haifyonzwi vizuri pasipo nyongo na vimeng'enya vya kongosho. Ile ya ngozi huingia moja kwa moja katika damu bila kupitia tumboni.

Sababu za upungufu

Ya kwanza ni dawa. Wagonjwa wengi hudungwa oktreotidi au lanreotidi, kwa kawaida kila baada ya wiki 4. Dawa hizi huiga homoni ya somatostatini: hupunguza homoni zinazomwagwa na uvimbe na huchelewesha kukua kwake. Lakini pia huzuia kongosho kutoa vimeng'enya na huvuruga mwendo wa nyongo, hata mawe yanaweza kutokea katika kibofu cha nyongo. Mafuta ya chakula hupita bila kusagwa, na choo huwa cha rangi hafifu, chenye harufu kali, kinachoelea na kung'ang'ania bakuli la choo. Mgonjwa anayetumia choo cha shimo anaweza asiyaone hayo, na kuharisha kwake huhesabiwa kuwa ni ule ule wa uvimbe.

Ya pili ni upasuaji. Kipande cha mwisho cha utumbo mwembamba, ambako uvimbe huu hupatikana mara nyingi, ndicho kinachorudisha asidi za nyongo mwilini na kufyonza vitamini B12. Kikikatwa, vyote viwili hupotea. Kuondolewa kwa sehemu ya kongosho nako hupunguza vimeng'enya.

Utafiti wa Groningen, Uholanzi, uliotolewa mwaka 2010, uliwapima watu 54 waliotumia dawa za jamii ya somatostatini kwa muda mrefu. Asilimia 78 kati yao walipungukiwa na angalau vitamini moja kati ya zile zinazoyeyuka katika mafuta, yaani A, D, E na K.

Jua la Songea

Songea iko takriban digrii 10 na nusu kusini mwa ikweta. Jua hupita utosini mara 2 kwa mwaka, Oktoba na Februari, na hata Juni, wakati wa baridi, kivuli cha mtu saa sita mchana ni kifupi kuliko kimo chake. Hiyo ni dalili nzuri kwamba mionzi inatosha kwa ngozi kutengeneza vitamini. Groningen haina hali hiyo wakati wa baridi, kwa hiyo takwimu zake za vitamini D hazifai kuhamishwa Ruvuma kama zilivyo.

Tanzania ina vipimo vyake. Mwaka 2012 yalitolewa matokeo ya Wamasai 35 na Wahadzabe 25 wanaoishi maisha ya jadi: wastani wao ulikuwa nanomoli 115 kwa lita, wakati kiasi kinachohesabiwa kuwa upungufu kwa kawaida ni chini ya 50. Hata hivyo kuishi chini ya jua si dhamana. Katika jaribio kubwa la Dar es Salaam lililotolewa mwaka 2020, watu wazima 4,000 wenye virusi vya UKIMWI waliandikishwa baada ya kupimwa na kukutwa na kiwango chini ya nanomoli 75, ingawa waliishi pwani penye jua kali. Mgonjwa adhoofikaye hushinda ndani, na akitoka hujifunika. Ngozi nyeusi nayo huhitaji muda mrefu zaidi juani kuliko nyeupe.

Kuna upande wa pili usiotajwa sana. Kwa kuwa jua huukwepa utumbo, mkulima anayeendelea kwenda shambani anaweza kuwa na vitamini D ya kutosha huku mafuta yakimpotea kila siku. Vitamini A, E na K hazitengenezwi na jua. Kwa mgonjwa wa namna hiyo, kipimo kizuri cha vitamini D hakiondoi shaka: kuona vibaya gizani huashiria ukosefu wa A, na kutoka damu kwa urahisi ukosefu wa K, jambo la kuangaliwa kabla ya upasuaji wowote.

Niasini nayo haitoki juani. Uvimbe unaotengeneza serotonini hula triptofani, ambayo mwili huitumia pia kutengenezea niasini. Kwa kawaida serotonini huchukua takriban asilimia 1 ya triptofani, lakini uvimbe mkubwa unaweza kuchukua hadi 60. Ruvuma ni mkoa wa mahindi, na mahindi yana triptofani kidogo, na niasini yake haifyonzwi kirahisi. Mgonjwa anayeishi kwa ugali na mboga yuko karibu zaidi na pelagra: ngozi kukauka na kuwa nyeusi mahali panapopigwa na jua, kuharisha, na kuchanganyikiwa.

Dalili na tiba

Upungufu wa vitamini D huleta maumivu ya mifupa na udhaifu wa mapaja; mgonjwa hushindwa kuinuka kwenye kigoda bila kushika kitu. Mifupa hulainika na huvunjika kwa urahisi. Maumivu ya mifupa yanaweza pia kutokana na uvimbe uliosambaa humo, kwa hiyo hayafai kutibiwa kwa vidonge vya vitamini bila uchunguzi.

Tiba ni vitamini D3, mara nyingi kwa dozi kubwa kuliko ya watu wengine, ikimezwa pamoja na mlo wenye mafuta. Vimeng'enya vya kongosho huongezwa ikiwa choo kina mafuta, na damu hupimwa tena baada ya takriban miezi 3. Dagaa wa Ziwa Nyasa waliwao na mifupa yao huongeza kalsiamu. Vitamini D haiponyi uvimbe wenyewe. Katika jaribio la Dar es Salaam pia haikupunguza vifo wala kifua kikuu.

Kabla ya kuanza, kalsiamu ya damu hupimwa. Baadhi ya wagonjwa wana ugonjwa wa kurithi unaofanya tezi za parathiroidi kufanya kazi kupita kiasi, na wengine wana uvimbe wa kongosho unaopandisha kalsiamu. Kwao vitamini D nyingi inaweza kuleta kiu, kufunga choo, mawe ya figo na hata kupoteza fahamu.