Makuli wa Kilindini na Swali la Mwajiri

Gati za maji marefu za Kilindini, Mombasa, zilipoanza kupokea meli katika miaka ya 1920, shehena ilishushwa na makuli, watu ambao kila mmoja aliwahitaji na hakuna aliyetaka kuitwa mwajiri wao. Bandari ilikuwa chini ya shirika la reli. Shughuli za gatini zilifanywa na kampuni binafsi kwa mkataba. Kampuni nazo ziliwategemea maserahangi, waliokusanya magenge na kuyasimamia. Kuli alilipwa kwa siku. Zamu ikiisha, na mkataba umekwisha, hata kama kesho angerudi kwenye genge lile lile, chini ya serahangi yule yule. Ninachodai ni kwamba mpaka kati ya mwajiriwa na anayejitegemea haukuchorwa hapo kwa kuitazama kazi. Ulichorwa kwa hesabu ya nani agharamie siku ambayo meli haikutia nanga.

Dai hili lina pingamizi zito: makuli wenyewe waliutaka ukibarua. Ni kweli, na wanaoisimulia historia hii kama kisa cha unyonge mtupu hawaitendei haki. Wengi walikuwa Waswahili wenye nyumba mjini, Washihiri, au Wamijikenda wenye mashamba karibu. Walifanya kazi siku walizozihitaji, kisha wakaenda zao. Tena, tangu 1906 sheria ya mabwana na watumishi ilimtishia kwa faini au jela mtumishi aliyevunja mkataba. Kuli wa siku hakuwa na mkataba wa mwezi wa kuvunja. Uhuru wake ulikuwa halisi, ila ulikuwa halisi kwa sababu palikuwa na shamba nyuma yake. Aliyetoka mbali, akipanga chumba mtaa wa Majengo, alibeba hasara ile ile bila kinga ile.

Ndiyo maana watu hao wasio na mwajiri waligoma: 1934, 1939, halafu Januari 1947, mgomo ulipoenea mji mzima na vibarua kusimama bega kwa bega na wa mshahara wa mwezi. Serikali iliingiwa na hofu zaidi kuliko huruma. Kumfukuza mtu ambaye hujamwajiri si tishio. Katika miaka ya 1950 makuli wakaandikishwa, wakawekewa idadi ya chini ya zamu, na wasioitimiza wakafutwa. Waajiri waliokuwa wameshikilia kwamba meli hazina ratiba, kwa hiyo ajira ya kudumu haiwezekani, sasa walitaka watu wachache wa kudumu. Meli zilikuwa bado hazina ratiba. Magunia yalikuwa yale yale.

Wafanyabiashara watasema, na si bila haki, kwamba kazi nyingine ni za msimu kweli, na kumlazimisha mtu kulipa mikono iliyokaa bure ni kuua biashara. Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 haikatai hilo. Inamtambua kibarua anayelipwa jioni na asiyechukuliwa kwa zaidi ya saa 24 kwa wakati mmoja. Lakini kifungu cha 37 kinasema siku za mfululizo zikijumlika kufikia mwezi mmoja, mkataba unageuka kuwa wa mwezi. Kwa makuli wa miaka ya 1930 hesabu hiyo isingewezekana, maana ilianza upya kila asubuhi.