Mninga wa Mjomba na Rangi za Kapteni Grant

Juma hili nataka tutoke kidogo mjini. Tuache foleni na bei ya nyama, twende Kisanga, wilayani Kilosa, alikozaliwa mama yangu.

Mtu wa Dar es Salaam aendaye Iringa huchungulia twiga na tembo dirishani mwa basi pale Mikumi, akaridhika. Ni wachache wanaojua kwamba Mikumi lenyewe ni jina la mti, ule mkumi mrefu ambao wengine huuita mvumo. Hifadhi ilianzishwa mwaka 1964, lakini wenyeji walikuwa wamekwisha kuiandika nchi yao kwa majina ya miti muda mrefu kabla ya hapo.

Mwaka 1860 walipita huku maofisa wawili wa jeshi la Waingereza kutoka Bara Hindi, John Hanning Speke na James Augustus Grant, wakitafuta chanzo cha mto Nile. Walivuka uwanda wa Mkata, wakaipanda milima ya Usagara. Speke tunamjua kwa habari za Ziwa Viktoria. Mimi leo namtaka mwenzake.

Grant alikuja na kamera. Kupiga picha siku zile kulikuwa kama kazi ya jikoni: unajifungia ndani ya hema la giza, unachanganya dawa, unakihudumia kioo kabla hakijakauka. Kwa joto la nchi yetu Speke aliona mwenzake atamfia mikononi, kamera ikarudishwa pwani. Basi Grant akabaki na penseli na rangi za maji. Kwa maoni yangu hiyo ilikuwa bahati. Kamera ya wakati ule haikujua rangi, na tena haimlazimishi mtu kuhesabu petali za ua. Brashi humlazimisha.

Akawa anachuma mmea, anaubana katikati ya karatasi ukauke, anaandika jina lake na kazi yake, anachora. Aliporudi kwao aliandika kitabu, A Walk Across Africa, kilichotoka mwaka 1864. Husimuliwa kwamba jina hilo lilitokana na neno la Waziri Mkuu Palmerston, aliyemwambia kapteni kuwa ametembea mwendo mrefu. Na kweli, aliondoka Unguja Septemba 1860 akafika Gondokoro Februari 1863! Mimea yake ilipelekwa kwa wataalamu wa bustani ya Kew, London, na maelezo yake, pamoja na michoro, yakachapishwa na Chama cha Linnaeus kati ya mwaka 1872 na 1875. Picha zake za rangi zimehifadhiwa katika Maktaba ya Taifa ya Scotland, mjini Edinburgh. Sayansi, sanaa na fasihi, vyote mkononi mwa mtu mmoja anayetembea kwa miguu.

Lakini hebu tujiulize: majina na kazi za mimea hiyo aliambiwa na nani? Mkalimani wao mkuu alikuwa Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyetekwa angali mtoto akapelekwa India, na yeye alizungumza nao Kihindustani. Fikiri safari ya neno moja. Linatoka kinywani mwa Msagara, linapita kwenye Kiswahili cha wapagazi, linaingia Kihindustani cha Bombay, linaandikwa kwa Kiingereza, na mwisho kule Kew linavishwa Kilatini. Bombay walau alipewa nishani ya fedha na Chama cha Kijiografia cha Kifalme. Grant amebaki na swala granti, tunamtaja kila siku. Msagara aliyekuwa wa kwanza kufungua kinywa hana hata jina.

Nasema haya kwa uchungu kwa sababu nami nina deni la namna hiyohiyo.

Mwaka 2004, nikiwa kijana mpya katika kazi ya redio, nilikwenda Kisanga na kinasa sauti, nikamrekodi mjomba wangu akinitembeza porini. Alikuwa mganga wa miti shamba, mtu wa kikohozi na utani. Tulipofika kwenye mninga aliukwaruza kwa panga, ukatoka utomvu mwekundu. Akasema mti huu hulia damu kwa kuwa zamani ulificha mtu aliyekimbia wateka watumwa, wakaupiga mkuki wakidhani wamempata. Kisha, bila kubadili sauti, akanieleza jinsi utomvu huo unavyopakwa kwenye kidonda. Wataalamu nao wanasema una tanini nyingi, ambayo hukaza nyama na kusaidia kuzuia damu. Akaokota tunda lake, duara lenye ukingo mwembamba kama yai la kukaanga, akalirusha hewani tulitazame likizunguka. Huko kwenye Kilatini jamii ya mninga inaitwa Pterocarpus, maana yake kwa Kigiriki ni tunda lenye bawa. Mgiriki na mjomba walitazama kitu kilekile.

Alinitajia miti mingi siku hiyo. Kaseti zilikuwa adimu. Miezi michache baadaye nilitumwa kwenye mkutano wa wakulima, nikakosa kaseti tupu, nikarekodi juu ya ile ya mjomba. Hakuna aliyenilazimisha. Nilijiambia nitarudi. Mjomba alifariki mwaka uliofuata.

Kaseti hiyo ninayo. Mkutano unakwisha, watu wanapiga makofi, halafu ghafla unasikia ndege wa porini na mjomba anasema, "Mpwa wangu, zima kwanza hicho kidude nikohoe." Anakohoa, sikukizima. Kisha anasema, "Na huu hapa sasa, huu ndio..." na utepe unakwisha. Nimewachezea wazee watatu wa Kisanga kipande hicho, labda watambue walikuwa upande gani wa pori kwa sauti ya ndege. Mmoja anasema ni mkwaju. Wawili wanabisha.