Nani Alifunguliwa Geti? Historia ya Nduthi Kwenye Nyanda za Marekani

Aprili iliyopita nilifika kwenye geti la nyumba moja ya wageni saa mbili usiku, nimelowa hadi soksi, niko juu ya Boxer niliyoazima kwa binamu yangu. Soja akanimulika tochi usoni. "Boda wanashukisha nje, kijana." Nikamwambia mimi si boda, mimi ndiye mgeni, chumba nimeshalipia kwa simu. Akaiangalia nduthi, akaiangalia helmeti yangu yenye ufa, akarudia hayo hayo. Nikiwa bado natafuta ujumbe wa malipo kwenye simu iliyoingia maji, pikipiki tatu kubwa zikaja na mngurumo wao, na geti likafunguliwa kabla hata hazijasimama. "Wale ni mabaika," soja akaniambia, kama mtu anayemweleza mtoto.

Nililala wapi nitawaambia baadaye. Kwanza, mnakumbuka nilikuwa nimewaahidi historia ya mabaika wa Marekani, hasa wale wa nyanda za katikati, kule nyasi hazina mwisho na barabara imenyooka mpaka unahisi umesimama. Nilikuwa nimeandika nusu. Ilikuwa ile hadithi mnayoijua: mwanaume peke yake, koti la ngozi, upepo, uhuru, hamhitaji mtu yeyote. Niliporudi nyumbani nikaifuta yote. Si kwa hasira (sawa, hasira kidogo ilikuwepo). Niliifuta kwa sababu nilianza kusoma upya nikiwa na swali moja kichwani: huyu mtu alipofika usiku, nani alimfungulia? Ukisoma historia ya nduthi kwa swali hilo, yule mwanaume asiyehitaji mtu hayupo.

Chukua 1903. Kijana anaitwa George Wyman anatoka San Francisco mwezi wa Mei kwenda New York, na kitu alichopanda ni baiskeli iliyofungwa injini. Nguvu yake ilikuwa farasi mmoja na robo. Hebu fikiria: Boxer ya 150 ina kama farasi 12. Ukiacha treni, hakuna mtu aliyekuwa amevuka Marekani kwa chombo chochote cha injini kabla yake. Na barabara zenyewe hazikuwepo. Alipofika Nebraska, katikati kabisa ya zile nyanda, alikuta mvua na udongo ambao sisi wa huku tunaujua vizuri, ule mweusi unaoganda kwenye tairi mpaka tairi linakataa kuzunguka. Basi akapanda juu ya reli. Kilomita baada ya kilomita alikuwa anaendesha katikati ya vyuma viwili, akidunda juu ya mataruma, sikio moja likisikiliza treni.

Kule jangwani na nyikani, mahali pa kula na kulala palikuwa zile nyumba za wafanyakazi wa reli waliokuwa wakitengeneza njia. Mtu wa kwanza kuvuka Marekani kwa pikipiki alivuka kwa njia ya wengine na kwa chakula cha wengine. Injini yake ilimfia karibu na Albany, zikiwa zimebaki kama kilomita 240, akamaliza kwa kukanyaga pedali. Aliingia New York tarehe 6 Julai, baada ya siku 50. Hii ndiyo hadithi ambayo ningependa kuona filamu yake, lakini najua hakuna atakayeweka pesa, kwa sababu shujaa anamaliza safari kwa baiskeli.

Mwaka 1916 dada wawili, Augusta na Adeline Van Buren, walitoka Brooklyn kwenda California, kila mmoja na Indian yake. Vita vilikuwa vinanukia, na wao walitaka kuthibitisha kwamba mwanamke anaweza kubeba ujumbe wa jeshi kwa pikipiki. Kosa lao njiani halikuwa mwendo wa kasi. Walipopita Chicago na kuingia kwenye vimiji vya mashambani upande wa magharibi, polisi waliwakamata mara kadhaa kwa kuvaa suruali. Safari walimaliza. Jeshi likakataa ombi lao hata hivyo.

Sasa tuje kwenye mwaka ambao umenikalisha macho wiki mbili: 1936.

Katika jimbo la South Dakota kuna mji mdogo unaitwa Sturgis, pale nyanda zinapogonga vilima vyeusi vya misonobari vinavyoitwa Black Hills. Hapo aliishi Clarence Hoel, watu wakimwita Pappy. Familia yake ilikuwa inauza barafu. Si mnaona tatizo? Friji zilikuwa zinaingia majumbani, na muuza barafu alikuwa anaona riziki yake ikiyeyuka. Basi 1936 akachukua uwakala wa pikipiki za Indian, na mwaka huo huo yeye na wenzake wakaanzisha klabu, wakaiita Jackpine Gypsies. Miaka miwili baadaye, tarehe 14 Agosti 1938, wakaandaa mbio. Washindani walikuwa tisa. Tisa! Mimi nikiweka video ikatazamwa na watu tisa naifuta.

Lakini sikilizeni kilichofanya watu warudi mwaka uliofuata. Wageni walipiga hema nyuma ya nyumba ya Hoel. Mkewe, Pearl, aliwapikia. Mumewe aliwaongoza kwa msafara kupitia vilimani hadi Mlima Rushmore, ambao wakati huo nyuso za marais zilikuwa bado zinachongwa. Ndivyo tamasha kubwa zaidi la pikipiki Marekani lilivyozaliwa: muuza barafu aliyebadilisha biashara, ua wa nyuma, na sufuria ya Pearl. Pearl hatajwi sana kwenye zile video za magwiji, na mimi nadhani bila yeye kungekuwa na mbio mbili tatu kisha basi.

Mwaka uleule wa 1936, kama kilomita 130 mashariki mwa Sturgis, kulikuwa na mfamasia maskini katika kijiji cha Wall. Ted Hustead na mkewe Dorothy walinunua duka la dawa 1931 kwenye mji wa watu 231, katikati ya ukame na mdororo wa uchumi. Wateja hawakuja. Magari yalipita tu barabarani yakienda Mlima Rushmore. Julai hiyo, joto likiwa limekaba, Dorothy akasema: hawa watu wamevuka nyanda zote hizi, wana kiu, kwa nini tusiweke mabango barabarani kwamba hapa kuna maji ya barafu, bure? Ted alitoka kwenda kusimamisha mabango akiwa na mashaka, na kabla hajarudi dukani wasafiri walikuwa wameshaanza kuingia. Duka hilo bado lipo, kubwa kama soko, maji bado ni bure, na mabaika wanaoelekea Sturgis hupaki hapo kwa mamia.

Na mwaka huohuo wa 1936, mbali kule Harlem, tarishi mmoja mweusi, Victor Hugo Green, alichapisha kitabu kidogo cha mwongozo kwa wasafiri weusi. Kilianzia New York kisha kikapanuka nchi nzima. Kilikuwa orodha ya mahali ambapo mtu mweusi angeweza kulala, kula, kunyolewa au kujaza mafuta bila kufukuzwa. Orodha ya mageti yanayofunguka, kwa kifupi.

Nimeyaweka matatu haya pamoja makusudi. Mwaka mmoja, nchi moja: mmoja anaanzisha klabu ya wasafiri, mwingine anatoa maji bure kwa mpita njia yeyote, na wa tatu analazimika kuchapisha kitabu kwa sababu "yeyote" haikuwa na maana ya kila mtu.

Mtu aliyeishi katikati ya hayo yote alikuwa Bessie Stringfield. Mwanamke mweusi, alianza safari zake miaka ya 1930, na kwa maelezo yake mwenyewe alikuwa akirusha sarafu juu ya ramani, inapoangukia ndiko anaenda. Alipita majimbo yote 48 ya wakati ule, na maishani alimiliki Harley 27. Hoteli zilipomkataa, alilala kwa familia za weusi waliompokea. Ikikosekana familia, alipaki kwenye kituo cha mafuta, akakunja koti lake juu ya usukani likawa mto, akanyoosha miguu juu ya bawa la nyuma, akalala. Wakati wa Vita Kuu ya Pili alibeba nyaraka za jeshi kwa pikipiki, kazi ileile dada wa Van Buren walinyimwa. Alifariki 1993, na 2002 akaingizwa kwenye jumba la heshima la chama cha waendesha pikipiki Marekani. Miaka tisa baadaye, yaani geti lilifunguka mwenyewe akiwa hayupo.

Sasa mtaniuliza ile sura ya baika mhuni ilitoka wapi. Haikutoka kwenye nyanda. Ilitoka California: fujo za Hollister Julai 1947, picha moja kwenye jarida la Life, kisha filamu ya Marlon Brando ya 1953. Baada ya hapo watu wakaanza kuvaa walichokiona kwenye sinema. Sitakaa hapo, mitandao imejaa habari hizo.

Sturgis wenyewe walisimama 1942 kwa sababu petroli ilikuwa ya mgao wa vita, kisha wakaendelea kukua. Mwaka 2015, tamasha la 75, makadirio yalikuwa watu 739,000, katika mji wenye wakazi kama 7,000 na jimbo ambalo zima halifikishi milioni moja. Nilipoona hesabu hiyo nilishangilia. Halafu nikaangalia ramani.

Karibu na Sturgis, upande wa kaskazini-mashariki, kuna mlima umesimama peke yake kwenye nyanda. Ramani inauita Bear Butte. Walakota wanauita Mato Paha, na kwao na kwa Wacheyenne ni mahali patakatifu. Wanapanda kufunga na kuomba, wanafunga vitambaa vya maombi kwenye miti. Ukimya ndio jengo lao la ibada. Na kila Agosti mngurumo wa injini na muziki wa mabaa unapanda mlimani. Mwaka 2006 watu wa makabila mbalimbali walikusanyika pale kupinga baa na ukumbi mkubwa wa burudani uliokuwa unajengwa jirani.

Na si mlima huo tu. Mkataba wa Fort Laramie wa 1868 ulisema Black Hills ni ya Walakota. Mwaka 1874 msafara wa Custer ukatangaza dhahabu, na 1877 serikali ikachukua ardhi. Mwaka 1980 Mahakama ya Juu ya Marekani ikakubali kwamba walidhulumiwa, ikathibitisha fidia ya zaidi ya dola milioni 100. Walakota wamekataa kuzichukua mpaka leo, na kwa riba sasa zimepita bilioni. Wanasema vilima haviuzwi. Sisi tuliokulia kwenye hadithi za mashamba yaliyochukuliwa na mzungu hatuhitaji kufafanuliwa hapo.

Mji wenyewe ulikua kando ya kambi ya jeshi, Fort Meade, iliyoanzishwa 1878 kulinda walowezi. Na jambo lililonikwaza zaidi: miaka ya 1880 kambi hiyo ilikuwa na askari weusi wa kikosi cha 25, walinzi wa ardhi waliyonyang'anywa wengine, na mjini wenyewe hawapendwi. Leo kuna muungano mkubwa wa klabu za mabaika weusi unaojiita kwa jina la askari wale, Buffalo Soldiers, ulioanza Chicago 1993. Naelewa kwa nini wanajivunia jina hilo. Naelewa pia kwa nini Mlakota akiliona mgongoni mwa koti hawezi kutabasamu. Nimejaribu kuchagua upande, nimeshindwa, na nadhani kushindwa huko ndiko ukweli wenyewe.

Kwa hivyo nikisikia mtu anasema nyanda zile ni barabara huru, wazi, hazina mwenyewe, najua huyo ni mtu ambaye geti limekuwa likifunguka kabla hajasimama.

Ile usiku ya Aprili, mimi nilirudi barabarani. Mita kama mia mbili kulikuwa na kibanda cha chai bado kina taa. Mama aliyekuwa anafunga aliniangalia kuanzia helmeti hadi viatu. "Umekula, mtoto wangu?" Halafu, kabla sijajibu: "Ingiza hiyo nduthi ndani, watakuibia." Tuliisukuma pamoja ikapita katikati ya mabenchi, matope yakabaki sakafuni kwake. Nililala kwenye benchi, karibu na jiko. Asubuhi alinidai shilingi 80, chai mbili na mandazi manne.