Primu ya walimu: miaka 27 wazazi wakiinua mikono

Wazazi wa Wamaza, Kasongo na Kabambare wanaujua mkutano wa mwezi wa tisa. Masomo yanaanza, direkta anawaita baba na mama shuleni, komite ya wazazi inakaa mbele, walimu wanasimama pembeni. Swali ni moja: mwaka huu mwalimu tutamwongezea ngapi? Mikono inainuliwa, katibu anaandika.

Wenye umri mdogo wanaweza kufikiri kwamba mambo yalikuwa hivyo tangu wakati wa Wabelgiji. Sivyo. Mkutano huo ulizaliwa na njaa ya walimu.

Mwaka 1974 serikali ya Mobutu ilichukua shule za makanisa. Mzigo ukaishinda, na tarehe 26 mwezi wa pili 1977 ikatia sahihi mapatano na Wakatoliki, Waprotestanti na Wakimbangu: dini ziendeshe shule, serikali ilipe walimu. Waislamu, ambao ni wengi upande wa Kasongo, waliingia baadaye. Mapatano hayo yalisimama wakati pesa bado ina nguvu. Lakini mwanzoni mwa miaka ya 1990 pesa ya zaire ilioza kabisa. Mwezi wa kumi 1993, zaire mpya moja ilibadilishwa kwa zaire 3.000.000 za zamani. Mshahara wa mwalimu, hata siku ulipofika, haukutosha kununua chumvi ya nyumba. Walimu wakagoma, shule zikafungwa.

Ndipo Kanisa Katoliki na vyama vya wazazi wakatoa shauri: wazazi wachange kidogo ili mwalimu arudi darasani, kwa muda, mpaka serikali isimame. Watu wakaita pesa hiyo primu. Vijijini mzazi asiye na noti alileta mpunga au mawese, au alienda kulima shamba la mwalimu. Na lazima isemwe wazi: wakati wa vita ya 1998 mpaka 2003, upande huu ukiwa mikononi mwa waasi wa RCD na mishahara ya Kinshasa haifiki, ni wazazi waliofanya watoto waendelee kusoma. Watu wengi wanaofundisha leo walisoma kwa mpunga huo.

Shida ni kwamba pesa ya muda ilikataa kuisha. Kila mwezi wa tisa mikono iliinuliwa tena, na kila mwaka kulikuwa na kitu kilichoongezeka juu ya primu: bima, mitihani, karatasi, kazi za ofisi. Sehemu ilibaki shuleni. Sehemu nyingine ilipanda ngazi, kwenda ofisi ya dini, ofisi ya serikali, mpaka jimboni. Ofisi zilizokuwa hazipewi kitu na Kinshasa zilianza kuishi kwa pesa ya mtoto. Shule mpya moja ilikuwa kisima kipya kwa wote walio juu. Gavana naye alitia sahihi bei za mwaka, kwa hiyo mzazi mara nyingi aliinua mkono juu ya jambo lililokwisha kupangwa. Akishindwa kulipa, mtoto alirudishwa nyumbani, na katika nyumba nyingi msichana alikuwa wa kwanza kuacha masomo.

Katiba ya 2006, kifungu cha 43, ilisema masomo ya msingi katika shule za serikali ni ya bure. Mwaka 2010 jambo hilo lilianzishwa kwa madarasa ya chini tu. Ni mwezi wa tisa 2019, chini ya Rais Félix Tshisekedi, ambapo primu ilikatwa katika shule zote za msingi za serikali. Watoto wakajaa, madarasa yakapasuka, wengine wakakaa chini.

Furaha hiyo ilikuwa na mtu iliyemsahau: mwalimu asiye na matrikule, yule wanayemwita N.U. Serikali haikuwa imemweka kwenye listi ya mishahara. Yeye aliishi kwa primu peke yake, na ikakatwa kwa siku moja. Migomo iliyofuata haikuwa ukaidi. Mtu hawezi kushika chaki tumbo tupu, miaka na miaka, kwa ahadi ya kuandikishwa.

Sasa katika shule ya msingi kuomba primu ni kuvunja sheria, lakini mahali pengine inarudi kwa jina jingine, mara mchango, mara shukrani. Sekondari bado wazazi wanalipa, na mkutano bado unaitwa. Kwa familia zilizokimbia mapigano ya Salamabila, tofauti hiyo ni kubwa: mtoto wa msingi hapaswi kufukuzwa kwa sababu ya franka, mtoto wa sekondari anaweza.

Mwenyeji anaweza kuuza mihogo yake. Aliyekimbia ameacha shamba nyuma, na mara nyingi haendi mkutanoni kwa kuona haya. Kumbe mkutano ni wa mzazi yeyote mwenye mtoto katika shule hiyo, awe mzaliwa wa hapa au amefika jana. Ana ruhusa ya kuuliza ni ngapi inabaki kwa mwalimu na ni ngapi inapanda ngazi, kuomba daftari la hesabu lifunguliwe mbele ya watu, na kuomba mtoto wa mkimbizi apunguziwe kabla ya mikono kuhesabiwa.

Komite nayo inafaa iwatangazie siku ya mkutano hata huko wanakokaa, na mapema, maana wengi wao asubuhi wako kwenye kibarua katika mashamba ya watu.